Kuchagua Vihisi vya Kiwandani: Mwongozo Unaofuata Njia ya Maziwa

Fundi anayekwenda dukani kununua kihisi mara nyingi huulizwa swali moja tu: cha joto au cha presha? Akishajibu hupewa kifaa, hulipa, hukifunga, na kwa wiki ya kwanza kila kitu huonekana kiko sawa. Matatizo huanza pale ambapo namba zinazosomeka kwenye skrini hazilingani na hali halisi ya mtambo, na hapo ndipo inapogundulika kwamba maswali yaliyopaswa kuulizwa kabla ya kununua yalikuwa mengi zaidi. Mwongozo huu unayapitia maswali hayo kwa kufuata mtambo mmoja unaopatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki, yaani kiwanda kidogo cha kusindika maziwa. Nimekichagua kwa sababu ndani yake mna karibu kila kipimo kinachohitajika viwandani: joto, presha, kimo cha kimiminika tangini, mtiririko ndani ya bomba, na chupa zinazopita kwenye mkanda. Aliye kwenye kiwanda cha chai, cha sukari au cha saruji atakutana na mambo yale yale kwa viwango tofauti.

Kihisi ni kifaa kinachogeuza hali fulani ya kitu, kama vile joto au presha, kuwa ishara ya umeme inayoweza kusomwa na mtambo mwingine. Mafundi wengi husema "sensa" na wanaelewana vizuri, ila katika maandishi neno hilo hugongana na sensa ya watu na makazi, kwa hiyo hapa nitaendelea na kihisi. Vihisi vingine hutoa jibu la ndiyo au hapana, na vingine hutoa thamani inayopanda na kushuka. Tofauti hii ndiyo ya kuamua mwanzo kabisa, kwa kuwa fedha nyingi hupotea hapo. Ikiwa unachotaka ni pampu izimike tangi likijaa, huna haja ya kujua kwamba tangi limefika asilimia 87. Swichi ya kimo inatosha, bei yake ni ndogo, na vitu vya kuharibika ndani yake ni vichache.

Kosa likitokea, liegemee upande gani?

Katika kiwanda cha maziwa, hatua yenye dhamana kubwa kuliko zote ni ile ya kuua vijidudu kwa joto. Kwa njia ya mtiririko usiokatika, ambayo inatumika sana, maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kubakizwa katika joto hilo kwa sekunde zisizopungua 15 ndani ya bomba refu. Mwishoni mwa bomba hilo hukaa kihisi cha joto, na mbele yake kidogo kuna vali ya kugeuzia, ambayo huyarudisha maziwa kwenye tangi la mwanzo endapo joto limepungua. Kihisi kikisoma nyuzi 3 chini ya ukweli, hasara ni mvuke uliotumika bure na maziwa yenye ladha ya kuchemka. Kikisoma nyuzi 3 juu ya ukweli, maziwa ambayo hayajafikia joto linalotakiwa hupita na kuingia kwenye pakiti. Kwa hesabu makosa hayo yana ukubwa mmoja. Kwa mnywaji wa maziwa hayalingani hata kidogo.

Ndiyo maana sishauri mtu aanze kuchagua kihisi kwa kufungua orodha ya bidhaa. Kwanza andika kwenye karatasi uamuzi utakaofanywa kwa kutumia kipimo hicho, kisha andika ni kosa la upande upi lisiloweza kuvumiliwa, na la ukubwa gani. Maamuzi mengine yote, kuanzia aina ya kihisi hadi namna ya kufunga nyaya, yatatoka kwenye karatasi hiyo.

Kihisi cha joto kinachofaa hapa ni kile kinachojulikana kama Pt100, ambacho ndani yake kuna uzi au utando mwembamba wa platini wenye ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme usipite, wa omu 100 katika nyuzi 0 na omu 138.51 katika nyuzi 100. Hii ina maana kwamba kila nyuzi moja huongeza takriban omu 0.385. Kiasi hicho ni kidogo sana, na mtego uko hapo hapo, kwa sababu nyaya za kukiunganisha nazo zina ukinzani wake. Chukua kebo ya shaba yenye unene wa milimita za mraba 0.5 na urefu wa mita 20: kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake ni karibu omu 1.4. Ukifunga Pt100 kwa nyaya mbili tu, omu hizo 1.4 hujumlishwa na zile za kihisi, na kifaa cha kusomea huzichukulia kuwa ni zaidi ya nyuzi 3.5 za joto. Tazama sasa kosa limeegemea wapi. Skrini inaonyesha 72, ilhali maziwa yako kwenye 68 na kidogo, yaani tumeangukia upande ule ule tuliosema hauvumiliki.

Dawa yake ni nyaya tatu. Waya wa tatu hukiwezesha kifaa kupima ukinzani wa nyaya zenyewe na kuuondoa, mradi nyaya zote tatu ziwe za urefu mmoja na unene mmoja. Nyaya nne huondoa kosa hilo kabisa na hutumika zaidi maabara, ingawa sioni ubaya wa kuzitumia pia kwenye kipimo kinacholinda afya ya watu. Kwa kawaida Pt100 ya nyaya tatu huwa na mbili nyekundu na moja nyeupe. Ukipima kwa mita kati ya nyekundu mbili unapaswa kupata karibu sifuri, na kati ya nyekundu na nyeupe, katika chumba chenye nyuzi 25, utapata karibu omu 109.7. Kipimo hiki huchukua dakika moja na hukuepusha na aibu ya kufunga kihisi kilichokufa.

Daraja la kihisi nalo linahitaji kuangaliwa. Kwa viwango vya kimataifa, Pt100 ya daraja A inaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 0.15 pamoja na 0.002 ya joto linalopimwa, na ya daraja B kwa nyuzi 0.3 pamoja na 0.005 ya joto hilo. Katika nyuzi 72, daraja A inabaki ndani ya takriban nyuzi 0.3 na daraja B ndani ya nyuzi 0.7 hivi. Tofauti ya bei kati yake ni ndogo, na kwenye bomba la kuua vijidudu haifai kuibania.

Wengine hupendelea themokapo kwa sababu ni imara na ni rahisi. Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ambazo hutoa volti ndogo sana kulingana na tofauti ya joto kati ya ncha hiyo na mahali zinapoishia. Aina ya K, inayoonekana zaidi viwandani, hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi na huweza kupima zaidi ya nyuzi 1,000, joto ambalo lingeiharibu Pt100 ya kawaida. Kwenye moshi wa boila au kwenye tanuri hiyo ndiyo chaguo langu. Lakini aina ya K ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 2.5, kwa hiyo haina nafasi kwenye nyuzi 72 za maziwa. Zaidi ya hayo, kebo ya kuirefusha lazima iwe ya aina ile ile. Fundi akiunga kwa waya wa kawaida wa shaba, kichwa cha themokapo kikiwa na nyuzi 60 na sanduku la umeme likiwa na nyuzi 25, kipimo kitapungua kwa karibu nyuzi 35 na hakuna taa yoyote itakayowaka kumwonya mtu. Jihadhari pia na rangi: katika mfumo wa Kimarekani waya mwekundu wa themokapo ni hasi, jambo ambalo limewapotosha wengi waliozoea kwamba nyekundu ni chanya.

Vile vipimajoto vya bastola vinavyopima kwa mionzi ya joto visitegemewe kwenye mabomba ya stenlesi yanayong'aa. Metali inayong'aa hutoa mionzi kidogo na kurudisha mionzi ya vitu vilivyo jirani, hivyo kifaa husoma chini mno. Ukilazimika, bandika utepe mweusi kwenye bomba, subiri upate joto, kisha pima juu ya utepe.

Jambo la mwisho kuhusu joto ni kasi. Kihisi kilichowekwa ndani ya ala nene ya chuma huchelewa kuhisi mabadiliko, na kuchelewa huko huweza kufika makumi ya sekunde. Watengenezaji hutaja muda ambao kihisi huchukua kufikia asilimia 63 ya badiliko; karibu mara tano ya muda huo ndipo kipimo kinapotulia. Ikiwa maziwa yenyewe hukaa bombani kwa sekunde 15, kihisi kinachohitaji sekunde 40 kutulia kitaleta habari za maziwa yaliyokwisha kupita. Tafuta chenye ncha nyembamba inayogusana na maziwa moja kwa moja, au ala nyembamba ambayo kihisi kimekaa ndani yake bila kuacha nafasi ya hewa.

Kikifa, kijulikane kwamba kimekufa

Ishara iliyoenea zaidi viwandani kwa thamani zinazopanda na kushuka ni mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Chini kabisa ya masafa ya kipimo, yaani eneo lote kutoka thamani ndogo hadi kubwa ambalo kihisi kimepangwa kupima, mkondo ni 4, katikati ni 12, na juu kabisa ni 20. Kwa transimita ya joto, yaani kifaa kinachogeuza ishara ya kihisi kuwa mkondo huo, iliyopangwa nyuzi 0 hadi 100, nyuzi 72 ni miliampea 15.52, hesabu ambayo kila fundi aweze kuifanya kichwani au pembeni mwa karatasi: zidisha 16 kwa sehemu ya masafa, kisha ongeza 4. Mkondo huu haupunguzwi na urefu wa kebo kama volti inavyopunguzwa, na huweza kuchukuliwa kwa nyaya mbili zile zile zinazoipatia transimita umeme wa volti 24.

Uzuri wake mkubwa, hata hivyo, uko kwenye ile 4. Kwa kuwa kipimo halali hakianzi na sifuri, waya ukikatika mkondo unakuwa sifuri na mtambo unajua kwamba hiyo si baridi kali bali ni hitilafu. Mfumo wa volti 0 hadi 10 hauna kinga hiyo, kwa sababu sifuri yake inaweza kuwa tangi tupu au panya aliyetafuna kebo.

Hapa kuna mpangilio mmoja ambao watu wengi huuacha kama ulivyotoka kiwandani. Transimita nyingi zina chaguo la nini cha kufanya endapo kihisi chenyewe kimekatika: zipeleke mkondo juu ya miliampea 21, au ziushushe chini ya 3.6. Kwenye bomba la maziwa ichague ya kushuka, ili kihisi kikifa mtambo udhani maziwa ni baridi na vali iyarudishe. Kwenye boila au kipasha joto ichague ya kupanda, ili mtambo udhani kuna joto kali na uzime moto. Pt100 iliyokatika ina ukinzani usio na mwisho, ambao bila mpangilio huu unaweza kusomeka kama joto kubwa mno. Na joto kubwa kwenye bomba la maziwa maana yake ni ruhusa ya kupita. Kwa swichi za ndiyo au hapana kanuni ni hiyo hiyo. Swichi ya tangi kujaa ifungwe ili mkondo upite wakati tangi halijajaa, na waya ukikatika pampu isimame.

Tangi la maziwa na udanganyifu wa povu

Kwenye tangi, wauzaji wengi watakupendekezea kihisi cha altrasoniki kinachotazama chini kutoka juu, kikipima muda wa mwangwi kwenda na kurudi. Kwa maji ya kisima kwenye tangi la plastiki ni chaguo zuri. Kwa maziwa mimi singekifunga. Povu huyameza mawimbi ya sauti, mvuke unaobaki baada ya kuosha tangi hutengeneza matone kwenye uso wa kihisi, na kasi ya sauti yenyewe, ambayo ni takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20, huongezeka kwa mita 0.6 hivi kwa kila nyuzi. Isitoshe, kila kihisi cha namna hii kina eneo lililo karibu na uso wake ambalo hakioni kitu, na hilo ndilo eneo ambalo maziwa hufika tangi linapotaka kufurika. Rada haijali mvuke wala joto la hewa, ila povu zito huweza kuisumbua, na bei yake iko juu.

Njia ninayoipendelea ni kihisi cha presha kilichofungwa chini ya tangi, ambacho hupima uzito wa maziwa yaliyo juu yake na hakijali povu. Lakini kwenye masafa ndipo wengi wanapojikwaa. Maziwa ya kimo cha mita 3, yenye msongamano wa takriban kilo 1,030 kwa mita ya ujazo, yana presha ya bar 0.3 tu. Katika kiwanda kimoja nilichowahi kukihudumia, tangi la namna hiyo lilikuwa limefungwa kihisi cha bar 0 hadi 10 kwa sababu ndicho kilichokuwapo stoo, na usahihi wake uliandikwa kuwa asilimia 0.5. Asilimia hiyo ni ya masafa yote, si ya kipimo kinachosomwa. Asilimia 0.5 ya bar 10 ni bar 0.05, ambayo kwa maziwa ni karibu nusu mita. Watu walikuwa wakigombana kila asubuhi kuhusu lita zilizopotea usiku, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumshuku. Kihisi cha bar 0 hadi 0.4 chenye usahihi ule ule kingekosea kwa sentimita 2. Unaposoma karatasi ya maelezo, tafuta kama asilimia ni ya masafa au ya kipimo, kwani maneno hayo mawili hubadilisha kila kitu.

Yapo mambo mengine mawili madogo. Kihisi kilichopangwa kwa maji kitaonyesha kimo kikubwa kwa asilimia 3 kikipewa maziwa, kwa sababu ya tofauti ya msongamano. Na tangi lililofungwa, ambalo hewa yake haina njia ya kutokea, litaongeza presha ya hewa hiyo kwenye kipimo. Hapo utahitaji kihisi kinachopima tofauti kati ya juu na chini.

Tukiwa bado kwenye presha, hakikisha unajua kama kihisi kinahesabu kuanzia presha ya hewa inayotuzunguka au kuanzia ombwe kamili. Mombasa presha ya hewa ni karibu bar 1.01, na Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,795 hivi, ni karibu bar 0.82. Kihisi cha aina ya pili kilichorekebishwa pwani ili kionyeshe sifuri hakitaonyesha sifuri kikipandishwa bara.

Kwa boila, weka kati ya bomba la mvuke na kihisi kile kibomba kilichojikunja kama mkia wa nguruwe, na ukijaze maji kabla ya kuwasha, ili mvuke usikiguse kihisi. Boila inayofanya kazi kwa bar 10 ipewe kihisi cha bar 0 hadi 16, ambacho kitakuwa na nafasi ya kuhimili presha ikiruka.

Mtiririko

Mita ya mtiririko ya usumaku-umeme inafaa sana kwa maziwa. Haina kitu kinachozunguka ndani, haizibi njia, na huoshwa pamoja na bomba. Sharti lake ni kwamba kimiminika kipitishe umeme, na nyingi huhitaji angalau mikrosiemensi 5 kwa sentimita. Maziwa yana maelfu. Mafuta ya kula, dizeli na maji yaliyoondolewa madini kabisa hayapimiki kwa mita hii, hata ingekuwa ya bei gani. Ifunge kwenye bomba la wima ambalo maziwa hupanda, ili bomba liwe limejaa daima, na uache sehemu iliyonyooka yenye urefu wa angalau vipenyo 5 vya bomba kabla yake na 2 baada yake. Kumbuka kwamba mita hii hupima ujazo, kwa hiyo hewa iliyovutwa na pampu huhesabiwa kama maziwa. Ikiwa mita inatumika kumlipa mfugaji, tatizo hilo linahusu haki ya mtu. Weka kifaa cha kutolea hewa kabla ya mita, na ujue kwamba vipimo vya biashara nchini Tanzania viko chini ya Wakala wa Vipimo.

Kwa mvuke, mita za kuhesabu visulisuli, yaani vizunguko vidogo vinavyojitokeza mvuke unapopita kizuizi kilichowekwa bombani, ndizo za kuzingatia. Sahani yenye tundu bado inatumika sana, ila ina udhaifu unaotokana na maumbile yake: tofauti ya presha kati ya pande mbili za sahani, ambayo ndiyo ishara yake, hufuata mraba wa mtiririko, hivyo mtiririko ukishuka hadi robo, ishara hushuka hadi asilimia 6.25, na huko chini haiaminiki.

Chupa kwenye mkanda

Vihisi vya ukaribu vya induktivu huona metali tu. Umbali ulioandikwa juu yake umepimwa kwa kipande cha chuma laini, kwa hiyo kwa stenlesi chukua takriban asilimia 70 ya umbali huo na kwa alumini chini ya nusu. Kihisi chenye umbo la M18, yaani cha skrubu yenye kipenyo cha milimita 18, kilichoandikwa milimita 5 huenda kisione mfuniko wa alumini ulio milimita 3 mbali. Kila mara kifunge ndani ya asilimia 80 ya umbali wake unaofaa, kwa sababu joto na mtetemo vitakula kiasi kinachobaki. Vya kapasitivu huona hata visivyo metali, na vinaweza kutambua maziwa nyuma ya ukuta wa plastiki, ila tone la maji lililoganda usoni huvidanganya.

Kwa chupa zenyewe tumia mwanga. Kihisi chenye mtoaji upande mmoja na mpokeaji upande wa pili ndicho imara kuliko vyote. Kile kinachotumia kioo cha kurudishia mwanga ni rahisi kukifunga. Na kile kinachotegemea mwanga unaorudi kutoka kwenye chupa yenyewe hubadilika kila rangi ya chupa inapobadilika. Chupa angavu huuachia mwanga upite, kwa hiyo omba kihisi kilichotengenezwa mahsusi kwa vitu angavu, na kama vifuniko vinang'aa omba chenye kichujio cha mwanga.

Kuhusu nyaya, kahawia ni chanya, bluu ni sifuri, na nyeusi ni ishara. Lakini kuna PNP, ambayo hutoa chanya kwenye waya mweusi, na NPN, ambayo huuvuta kuelekea sifuri. Mitambo mingi ya Ulaya hutumia ya kwanza, na mingi ya Asia hutumia ya pili. Ukichanganya, utaona taa ndogo ya kihisi ikiwaka na kuzima kila chupa inapopita huku mtambo ukiwa hauoni lolote, na fundi asiyejua anaweza kubadilisha vihisi vitatu vizima akidhani vyote vibovu. Soma maandishi kwenye kile cha zamani kabla hujakitupa.

Maji ya kuoshea, chumvi na radi

Kihisi kikifa mapema, mara nyingi muuaji si kile kinachopimwa bali ni mazingira yake. Kiwanda cha maziwa huoshwa kila siku kwa soda ya kostiki ya moto, asidi na maji ya presha. Alama ya IP67 maana yake ni kwamba vumbi haliingii na kifaa kinaweza kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Haimaanishi kwamba kitahimili mpira wa maji ya moto ya presha kubwa. Kwa hilo kuna IP69K, inayojaribiwa kwa maji ya nyuzi 80 na presha ya bar 80 hadi 100. Mipira ya kuzibia nayo ichaguliwe kwa makini: EPDM huhimili soda na mvuke lakini huvimba kwenye mafuta mengi, na FKM huhimili mafuta lakini haipendi soda ya moto. Sehemu inayogusa maziwa iwe ya stenlesi ya 316L, isiyo na kona wala nyuzi za skrubu zinazoweza kuficha uchafu.

Kwenye mabomba ya huduma, yaani ya maji, hewa na mvuke, angalia nyuzi za skrubu. Nusu inchi ya mfumo wa G, ambao skrubu yake imenyooka, na nusu inchi ya mfumo wa NPT, ambao skrubu yake huchongoka, zote zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo huanza kuingiana vizuri, kisha hukwama na kuvuja. Utepe mweupe hautaliponya hilo.

Kebo za ishara zisilale pamoja na kebo za mota, hasa mota zinazoongozwa na kibadili mwendo. Tumia kebo yenye ngao na uifunge ngao hiyo kwenye ardhi upande mmoja tu. Ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na kebo yoyote inayotoka nje ya jengo huko inahitaji kinga ya mshtuko wa umeme katika ncha zote mbili. Tanga, Mombasa na Dar es Salaam adui ni chumvi ya hewa, inayoanzia kwenye viungio, hivyo viungio viwe vya stenlesi na si vya shaba iliyopakwa nikeli.

Kuagiza, kulinganisha, kuwasha

Barua ya kuagiza iseme kimiminika ni kipi, joto lake la kawaida na la juu kabisa wakati wa kuosha, presha ya kawaida na ya juu kabisa, masafa, usahihi unaohitajika na ni wa masafa au wa kipimo, aina ya ishara, aina ya muunganisho, kiwango cha IP na urefu wa kebo. Muuzaji asiyeweza kujibu mistari hiyo hana unachokihitaji. Ukiwa na njia mbili zinazokaribiana, chukua ile ambayo kipuri chake kinapatikana mjini kwako ndani ya siku mbili.

Kihisi kinachobeba uamuzi wa usalama kipelekwe kwenye ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo rejea, katika maabara inayotambulika. Tanzania Shirika la Viwango (TBS) hutoa huduma hiyo, na Kenya ni shirika la viwango la huko (KEBS). Katikati ya ziara hizo unaweza kujikagulia mwenyewe. Ponda barafu safi, ongeza maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, koroga, tumbukiza ncha, na baada ya dakika chache usome: iwe karibu sana na 0, pwani na bara. Maji yanayochemka hayana uaminifu huo, kwa sababu Nairobi huchemka katika nyuzi 94 hivi, na nimewahi kuona Pt100 nzima ikirekebishwa "ifike mia" kwa maji kama hayo, ikageuzwa kuwa mbovu kwa mkono wa mtu mwenye nia njema. Andika kila ulichosoma, pamoja na tarehe, kabla ya kugusa marekebisho yoyote. Namba hizo za mwaka mmoja ndizo zitakazokuambia kama ugezi ufanyike kila miezi 3 au kila miezi 12.

Kabla ya maziwa ya kwanza kupita, endesha mtambo mzima kwa maji. Joto likishatulia juu ya 72 na vali ikiwa imeelekea mbele, fungua kichwa cha kihisi na uchomoe waya mmoja. Vali igeuke mara moja na king'ora kilie. Rudisha waya, acha joto litulie tena, kisha uchomoe wa pili, halafu wa tatu. Vali ikikataa kugeuka hata kwa waya mmoja, zima pampu na urudi kwenye mpangilio wa transimita.